Meinertzhagen: Jasusi aliyemuua Koitalel kwa hila na kuidanganya dunia maisha yake yote

WANAOFIKA kwenye ufuo wa Karagita, kando ya Ziwa Naivasha, huja kwa sababu mbalimbali. Wengine ni wafanyakazi wa mashamba ya maua wanaopumzisha mwili Jumapili, wengine ni wageni wanaokodi mashua ili wawaone viboko, na wapo wanaobeba darubini na vitabu vinene kwa ajili ya kutazama ndege tu. Hao wa mwisho, wakivichunguza vitabu vyao vya zamani, hawakosi kukutana na jina moja refu la Kijerumani lililobebwa na Mwingereza: Meinertzhagen.

Katika vitabu vya ndege jina hilo lilikuwa la bingwa. Katika vitabu vya kivita lilikuwa la kachero aliyewatia Waturuki mtegoni kwa mkoba uliojaa karatasi za uongo. Huko milima ya Nandi, saa chache tu kwa gari kutoka Naivasha, ni jina la muuaji. Na sasa, zaidi ya miaka hamsini tangu azikwe, wachunguzi wamebaini kwamba mtu huyu aliwahadaa si maadui peke yao, bali pia makamanda wake, wasomi na wasomaji wa vitabu vyake.

Richard Meinertzhagen alizaliwa London mnamo Machi 3, 1878, katika familia ya mabenki iliyokuwa na asili ya Ujerumani. Baba yake alikuwa tajiri mkubwa, na mama yake alitoka katika ukoo wa Potter, dada yake Beatrice Webb, mwanamke aliyesifika sana miongoni mwa Wasoshalisti wa Uingereza. Kijana alisomea Harrow, akatazamiwa kuingia benki kama babake. Hakupenda. Alichopenda ni ndege, bunduki na safari. Mwaka wa 1899 alipata cheo cha afisa katika jeshi na kupelekwa India, na mwaka wa 1902 akahamishiwa Afrika Mashariki kujiunga na kikosi cha King's African Rifles, maarufu kama KAR.

Alikuta nchi ambayo serikali ya Uingereza ilikuwa ndiyo kwanza inaitia mkononi. Reli ilikuwa imekwisha kupita Naivasha na Nakuru na kufika ziwani Victoria mwishoni mwa 1901. Wamaasai waliolisha ng'ombe wao kuzunguka Ziwa Naivasha, mahali ambapo leo pana Karagita na mashamba ya maua, walikuwa wamebakiza miaka miwili kabla ya mkataba wa Agosti 1904 uliowahamisha ili Bonde la Ufa likaliwe na walowezi. Kazi ya maafisa vijana kama Meinertzhagen ilikuwa kuwatiisha waliokataa.

Aliifanya kazi hiyo bila huruma. Septemba 1902, baada ya mzungu mmoja kuuawa katika nchi ya Wakikuyu, alikizingira kijiji usiku na, kwa maandishi yake mwenyewe, akaamuru kila mtu auawe isipokuwa watoto. Mwaka wa 1904 alikuwa tena katika msafara wa kuwaadhibu watu wa sehemu za Nyeri. Mwaka huohuo, kana kwamba hayo hayakutosha kumpa sifa, mabaki ya nguruwe mkubwa wa msituni aliyoyapeleka London yalitambuliwa na wataalamu kuwa ya mnyama ambaye sayansi ya Ulaya haikumjua, na mnyama huyo akapewa jina lake. Wenyeji wa misitu hiyo, bila shaka, walikuwa wakimjua nguruwe huyo siku zote.

Kisha ukaja mwaka wa 1905.

Wanandi walikuwa wamepambana na Waingereza tangu 1895. Kiongozi wao wa kiroho, Orkoiyot Koitalel arap Samoei, alikuwa mwana wa Kimnyole arap Turukat, nabii anayekumbukwa kwa kutabiri kuja kwa nyoka wa chuma atakayetoa moshi. Nyoka huyo alipofika, Wanandi waling'oa vyuma vya reli na kukata nyaya za simu, nao walitengeneza mapambo na silaha kutokana nazo. Msafara baada ya msafara ulitumwa dhidi yao na kurudi bila kuwavunja. Mwaka huo wa 1905 serikali ilikusanya jeshi kubwa kuliko yote yaliyotangulia, pamoja na takriban wapiganaji elfu moja wa Kimaasai.

Meinertzhagen, aliyekuwa Kapteni wakati huo, alikuwa ameweka watoa habari wake mwenyewe miongoni mwa Wanandi. Aliamini kwamba Koitalel akiondolewa, upinzani wote utaanguka. Kwa hiyo ukapangwa mkutano wa suluhu. Siku iliyowekwa ilikuwa Oktoba 19, 1905, saa tano asubuhi, na makubaliano yalikuwa kila upande uje na watu watano. Badala yake, Mwingereza alikuja na askari wapatao 80, wengi wao wakajificha karibu na uwanja wa mkutano.

Yaliyotokea baadaye husimuliwa kwa namna mbili. Kwa mujibu wa Wanandi, Koitalel alinyoosha mkono kusalimiana na mgeni aliyekuja kutafuta amani, akapigwa risasi kwa karibu. Kwa mujibu wa Meinertzhagen, Wanandi ndio waliokuwa wamepanga kumvamia, naye akawahi. Lililo wazi ni kwamba Koitalel alikufa pale pale, pamoja na wafuasi wake zaidi ya 20, ilhali upande wa pili haukupata hasara ya kutajika. Fimbo zake za utawala zilichukuliwa na muuaji, zikasafirishwa Uingereza kama kumbukumbu ya ushindi.

Mahakama za kijeshi ziliketi mara tatu kuchunguza kisa hicho, na mara zote tatu afisa huyo akaondolewa lawama. Hata hivyo, minong'ono haikukoma. Baadhi ya Waingereza wenzake waliona kwamba kumuua mtu chini ya ahadi ya amani ni doa kwa jeshi, na kwamba hakuna chifu mwingine atakayekubali kuitwa kwenye mazungumzo. Mwaka wa 1906 aliondolewa Afrika Mashariki. Wanandi nao wakasukumwa kutoka sehemu ya ardhi yao, na upinzani wa miaka kumi ukazimika kwa risasi za dakika chache.

Ingekuwa mtu mwingine, maisha yake ya kijeshi yangeishia hapo. Lakini Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilipozuka mnamo 1914, Meinertzhagen alikuwa afisa wa jeshi la Uingereza nchini India, na jeshi hilo lilihitaji watu walioijua Afrika Mashariki. Alipewa jukumu la upelelezi katika msafara uliopelekwa kuiteka Tanga, bandari ya Afrika Mashariki ya Wajerumani.

Tanga ni somo la jinsi vita hupotea pale siri inapokosa mlinzi. Habari za msafara zilikuwa zimevuja kabla ya meli kuondoka India. Na zilipofika mbele ya bandari mnamo Novemba 2, 1914, nahodha wa manowari ya Fox alitangulia kwenda nchi kavu kuwaarifu Wajerumani kwamba makubaliano ya kutoushambulia mji huo hayapo tena. Uungwana huo uliwagharimu. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alipata muda wa kuwaleta askari wake kwa reli kutoka upande wa Kilimanjaro. Askari elfu moja hivi, wengi wao Waafrika, waliwashinda wavamizi karibu 8,000. Nyuki wa mashambani nao walichokozwa na risasi, wakawashambulia wapiganaji kwa hasira, hata Waingereza wengine wakadhani ni hila ya Wajerumani. Wavamizi walikimbilia melini wakiacha bunduki za rashasha 16 na risasi zipatazo 600,000.

Meinertzhagen alitumwa na bendera nyeupe kuzungumzia majeruhi, akakaribishwa chakula na maafisa wa adui. Alirudi na somo ambalo hakulisahau: katika nchi hii mshindi atakuwa anayejua zaidi.

Mwanzoni mwa 1915 alikabidhiwa idara ya ujasusi mjini Nairobi. Hapo ndipo alipofanya kazi ambayo hata wapinzani wake hukiri kuwa ilikuwa na manufaa. Mpaka baina ya himaya hizo mbili, kutoka pwani hadi Ziwa Victoria, haukuwa na ukuta wala ua. Watu walivuka kwa biashara, kwa malisho na kwa undugu. Alitumia wapita njia hao. Waafrika na Waarabu walitumwa ng'ambo kuhesabu askari, kutazama reli, kusikiliza mazungumzo katika masoko. Walioshikwa waliuawa. Katika vitabu vya bwana wao wanapita kama vivuli, lakini hatari yote ya kazi ilikuwa juu ya vichwa vyao.

Mbinu iliyompa umaarufu ilikuwa ya uchafu mtupu. Wajerumani walioko vitani walikuwa na uhaba wa karatasi za chooni, hivyo walitumia chochote kilichopatikana: amri za kijeshi zilizokwisha kusomwa, barua za nyumbani, kurasa za daftari za maafisa. Meinertzhagen aliwaagiza watu wake wavipekue vyoo vya kambi za Wajerumani na kumletea karatasi hizo. Zilisafishwa, zikasomwa, na kutoka humo akapata majina ya maafisa, sahihi zao, hali ya chakula na mipango ya safari. Mkuu wa majeshi angeweza kukunja pua, lakini si kuikataa taarifa.

Mwenyewe alisimulia pia kisa cha Mwarabu aliyekuwa jasusi hodari wa Wajerumani. Aliposhindwa kumkamata, alimwandikia barua ya kumshukuru kwa habari alizoleta, akatia na fedha ndani yake, kisha akahakikisha barua hiyo inaangukia mikononi mwa Wajerumani. Wao, kwa mujibu wa masimulizi yake, walimnyonga mtumishi wao mwaminifu. Kisa hiki kimerudiwa katika vitabu vingi vya ujasusi, nacho kina ladha ya hadithi tamu. Tatizo ni kwamba chimbuko lake ni mdomo wa Meinertzhagen mwenyewe.

Mwishoni mwa 1916 aliondoka Afrika Mashariki akiwa mgonjwa, akiacha vita vikiendelea kuwala wapagazi kwa makumi ya maelfu, vita ambavyo Lettow-Vorbeck alivipigana hadi Novemba 1918. Alipopona alipelekwa Misri, na huko ndiko lilikotokea tukio lililomfanya ajulikane dunia nzima.

Mwaka wa 1917 Waingereza walikuwa wamekwama mbele ya Gaza. Walikuwa wameushambulia mji huo mara mbili na kushindwa mara mbili. Jenerali Edmund Allenby, kamanda mpya, aliazimia kupiga mahali pengine: Beersheba, mji wa visima ulioko jangwani upande wa mashariki. Ili afaulu ilikuwa lazima Waturuki na washauri wao Wajerumani waendelee kuamini kwamba pigo litaangukia Gaza.

Basi Oktoba 1917 afisa mmoja wa Kiingereza alipanda farasi akaelekea kwenye ngome za Waturuki. Alipofukuzwa na askari wa doria alijifanya amejeruhiwa, akaangusha mkoba na kukimbia. Ndani yake mlikuwa na nakala za mipango iliyoonyesha kwamba Beersheba ni kiini macho tu na Gaza ndiyo shabaha. Kulikuwa na fedha, kiasi ambacho hakuna ambaye angekitupa makusudi. Kulikuwa na barua ya mke aliyejifungua, iliyoandikwa kwa mapenzi ili kumgusa msomaji yeyote. Siku zilizofuata Waingereza walitangaza kwa kelele kwamba mkoba umepotea, wakatuma watu kuutafuta, ili kuzidisha imani ya adui.

Oktoba 31, 1917, Beersheba ilishambuliwa. Jioni, wapanda farasi wa Australia walitimka moja kwa moja juu ya mahandaki na kuuteka mji pamoja na visima vyake. Gaza ilianguka wiki moja baadaye, na kufikia Desemba Allenby alikuwa Jerusalem. Wanahistoria hawajakubaliana ni kwa kiasi gani mkoba ule ulichangia, kwa maana hata baadhi ya makamanda wa upande wa pili waliutilia shaka. Lakini wazo lenyewe lilidumu. Katika Vita Vikuu vya Pili Waingereza walilirudia: mwaka wa 1942 kwa ramani ya uongo iliyoachwa jangwani Misri ili majeshi ya Rommel yaiokote, na mwaka wa 1943 kwa maiti iliyovishwa sare ya afisa na kuelezwa baharini hadi pwani ya Uhispania, ikiwa na barua za kuwapoteza Wajerumani wasijue kwamba Sicily ndiyo itakayovamiwa.

Kwa miongo kadhaa Meinertzhagen alijitwalia kisa chote cha mkoba: yeye ndiye aliyebuni, yeye ndiye aliyepanda farasi. Leo inafahamika kwamba mpango ulitungwa na afisa mwingine, Luteni Kanali James Belgrave, na aliyeuangusha mkoba ni Arthur Neate, ambaye kazi yake ya ujasusi ilimfunga mdomo kwa muda mrefu. Belgrave aliuawa vitani mwaka wa 1918, hivyo hakuwapo kudai haki yake. Neate alijitokeza kusahihisha habari hizo mwaka wa 1956, lakini wakati huo hadithi ilikuwa imekwisha kuota mizizi na watu wakaendelea kuirudia.

Baada ya vita Meinertzhagen alishika nyadhifa Palestina na katika wizara ya makoloni, akawa mtetezi mkubwa wa kuanzishwa kwa taifa la Wayahudi. Aliacha jeshi mwaka wa 1925 akiwa na cheo cha Kanali, na maisha yake yakawa ya ndege na safari. Mwaka wa 1928 mkewe, Annie, ambaye naye alikuwa mtaalamu wa ndege, alikufa kwa risasi ya bastola huko Scotland wakiwa katika mazoezi ya shabaha. Iliamuliwa kuwa ilikuwa ajali. Waliomjua mumewe hawakuacha kunong'ona, ingawa hakuna shtaka lililopata kufunguliwa.

Alipofika uzeeni alichapisha shajara zake. Ile ya Kenya ilitoka mwaka wa 1957, ile ya Mashariki ya Kati 1959 na ile ya jeshi 1960. Zilisomwa kwa hamu. Waandishi wa historia ya ukoloni wa Kenya walizitegemea, kwa sababu ni wachache miongoni mwa maafisa wa wakati ule walioandika kwa uwazi wa namna hiyo juu ya mauaji waliyoyafanya. Alifariki London mnamo Juni 17, 1967, akiwa na umri wa miaka 89, na akaombolezwa kama shujaa.

Ni ndege waliomuumbua. Mwaka wa 1954 alikuwa ameyapa makumbusho ya historia ya viumbe mjini London mkusanyo wake wa ngozi za ndege zaidi ya 20,000. Katika miaka ya 1990 wataalamu, wakiongozwa na Pamela Rasmussen wa Marekani, walianza kuzikagua moja baada ya nyingine. Waligundua kwamba nyingi zilikuwa zimeibwa kutoka mikusanyo ya watu wengine, zikafunguliwa, zikashonwa upya na kutiwa vibandiko vyenye tarehe na mahali pa uongo. Miongoni mwake alikuwamo bundi mdogo wa India aliyedhaniwa ametoweka duniani. Meinertzhagen alikuwa amedai kumpata Gujarat. Mara tu wataalamu walipolitupa dai hilo na kutafuta mahali sahihi, walimwona bundi huyo akiwa hai, Novemba 1997.

Mtu aliyeghushi vibandiko vya ndege wafu, je, hakughushi shajara? Mwandishi wa Marekani Brian Garfield alilifuata swali hilo, na katika kitabu alichokitoa mwaka wa 2007 alionyesha kwamba kurasa nyingi zilipigwa chapa upya miaka mingi baada ya matukio. Mikutano na watu mashuhuri, mauaji ya kishujaa, hata madai ya kukutana na Hitler, mengi hayakuwa na ushahidi nje ya karatasi zake.

Kwa Mkenya jambo hili si mzaha wa wasomi. Maelezo ya kifo cha Koitalel yanayosomwa vitabuni, kuanzia idadi ya walinzi hadi nani aliyeanza, yametoka kwa kiasi kikubwa katika maandishi ya mtu huyu huyu. Kwa muda mrefu maandishi hayo yalipewa uzito kuliko masimulizi ya wazee wa Nandi, eti kwa kuwa wazee hawakuandika. Sasa imedhihirika nani kati yao alikuwa na mazoea ya kubuni. Wala haifai kuruka upande wa pili na kusema hakuna alichokifanya, kwani maiti za Oktoba 19 zilikuwa maiti za kweli, na ripoti za serikali ya kikoloni zipo. Kilichoporomoka ni utetezi wake, ule wa kwamba alivamiwa kwanza.

Fimbo za Koitalel zilirejeshwa Kenya kutoka Uingereza mwaka wa 2006, zaidi ya karne moja tangu ziporwe. Mjini Nandi Hills pamejengwa makumbusho ya kumbukumbu yake. Wanandi wanaamini kwamba kichwa cha Orkoiyot nacho kilikatwa na kupelekwa Uingereza, na wamekuwa wakitaka kirudishwe ili kizikwe pamoja na mwili. Shajara za Meinertzhagen, zikiwa zimejalidiwa katika mabuku zaidi ya 70, zimehifadhiwa Oxford.